Bunduki ya Kumi na Moja

Ukitaka kumuudhi Fundi, ungemwita mtu wa silaha. Alikuwa akisema silaha ziko kituoni, zinalindwa na wenye kazi yao, na yeye kazi yake ni vyuma vizee na mbao zilizooza. Lakini Ifakara watu hawana muda wa kutenganisha maneno kiasi hicho. Kuanzia sokoni hadi stesheni alijulikana kama Fundi Bunduki. Mimi nilimwita Fundi tu, bila kuongeza kitu, kwa miaka tisa yote aliyokuwa mteja wangu.

Nina duka la stationeri karibu na soko. Nina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa, na mashine ya kuvalisha vyeti nailoni. Siku ya kwanza Fundi aliingia amebeba daftari la shule lililofunikwa gazeti, akakaa kwenye benchi, akangoja wanafunzi wote waishe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama naweza kutunza siri. Nikasema naweza. Akasema hakuna siri yoyote, alitaka kujua tu. Tangu siku hiyo akaniita Sekretari, ingawa duka ni langu na sina bosi.

Alichotaka ni barua kwa serikali. Zamani aliwahi kuwa askari wa wanyamapori, na alipostaafu akapata kibali cha kutengeneza bunduki za wenye leseni, wale wanaolinda mashamba dhidi ya viboko na nguruwe pori. Kituoni alikuwa ameona rundo la bunduki zilizosalimishwa na wananchi au kuokotwa mashambani, zikisubiri kuchomwa moto. Nyingi zilikuwa magobole. Chini ya rundo, hata hivyo, kulikuwa na bunduki za kijeshi, za Kijerumani na za Kiingereza, zilizobaki bondeni tangu wakubwa hao walipopigana huku na kuwabebesha mababu zetu mizigo. Yeye aliomba hizo zisichomwe. Aliomba azisafishe, zifanywe zisiweze kufyatua tena, ziwekwe mahali watoto wa shule watakapoziona.

Barua hiyo niliipiga mara nne katika miaka mitatu. Kila mara alibadilisha neno moja au mawili, na kila mara aliifuata mwenyewe kwa baiskeli ofisi hadi ofisi. Alipokubaliwa, alipewa masharti. Bunduki zitabaki mali ya serikali na zitakaa kwenye ghala la kituo. Atachukua moja tu kwa wakati, asubuhi, ikiwa imeshatolewa pini ya kugonga risasi, na atairudisha kabla ofisi hazijafungwa. Fundi aliyasoma masharti hayo kama mtu anayesomewa matokeo mazuri ya mtihani. Akaniomba niyatolee nakala mbili na kuzivalisha nailoni, moja ya ukutani na moja ya mfukoni.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, na pumba ziliingia hata mlango ukifungwa. Alikuwa na meza nzito ya mninga, jiliwa moja la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa zilizopangwa kwa mstari, na kopo la mafuta ya kupaka mbao ambayo harufu yake ilimfuata mpaka kanisani. Kutu hakuitoa kwa msasa. Alisema msasa unaondoa kutu pamoja na maandishi, na maandishi ndiyo yanayosema bunduki ilitoka wapi. Aliloweka chuma kwenye mafuta ya taa siku kadhaa, akakisugua kwa brashi ya shaba na kipande cha gunia, polepole, mpaka namba zianze kujitokeza. Zikishajitokeza alitoka nje, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akarudi na daftari.

Mbao zilimsumbua zaidi ya vyuma. Vitako vya bunduki zile vilichongwa kwa mti wa Ulaya ambao huku hatuna. Alijaribu mninga, akajaribu mkongo, mwisho akatulia kwenye mtiki, kwa sababu unapandwa bondeni humu humu na mchwa hawaupendi. Hakubadilisha kitako kizima ikiwa aliweza kuziba palipooza. Kimoja kilikuwa na msalaba mdogo uliochongwa kwa kisu, na pembeni yake mistari mitatu. Nilimuuliza ile mistari ni nini. Akasema aliyeichonga ndiye anayejua. Wengine wangetunga hadithi hapo hapo, ya maadui watatu au ya watoto watatu walioachwa nyumbani. Fundi hakutunga. Alipaka mafuta juu ya mistari ile kwa kidole, akaendelea na kazi.

Alikuwa na tabia moja ambayo watu waliicheka. Kila aliposhika bunduki, hata ile aliyokuwa ameiweka chini dakika moja iliyopita, alifungua komeo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa na kuchomoka, akachungulia chemba inamokaa risasi, akaingiza kidole kidogo ndani, kisha akachungulia tena. Pini haipo, mtutu umezibwa kwa kuchomelewa, lakini atafungua tu. Aliwaambia waliocheka kwamba bunduki tupu ni ile aliyoifungua mwenyewe, sasa hivi. Maneno hayo aliyasema mara nyingi mpaka muuza vitumbua wa jirani akawa anamtania kwa kufunua ndoo ya vitumbua mara tatu kabla ya kumuuzia.

Waliomcheka walinyamaza baada ya habari ya Mofu, kijiji cha wavuvi. Ndugu wawili, wavuvi, walivuta wavu wakapata bunduki iliyojaa tope badala ya kambale. Waliikunja kwenye wavu uleule, wakaipakia kwenye pikipiki, wakaja nayo moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Fundi wakidhani watamfurahisha. Hakuwaruhusu kuingia. Aliwaambia waiweke chini kwenye mchanga, mdomo uelekee upande wa shamba tupu, akawaondoa watu wote mashineni, akapiga simu kituoni. Kisha akakaa na wale ndugu wawili umbali wa hatua nyingi, akiwauliza habari za maji na samaki ili wasiogope, mpaka askari wakafika. Kwenye chemba kulikuwa na risasi, imevimba kwa kukaa majini. Mmoja wa wale ndugu alikuwa amesafiri na ule mdomo ukimtazama mgongoni njia nzima. Alipoambiwa alikaa chini akaomba maji. Fundi hakuwagombeza. Aliwapeleka mwenyewe kuandikisha maelezo, ili isije ikasemwa walikuwa nayo siku nyingi.

Vijana wa bodaboda walimwomba mara kwa mara wapige picha na bunduki moja, ya kuweka mtandaoni. Alikataa. Alisema mtu akipiga picha na bunduki, sura yake inabadilika na yeye mwenyewe hajui. Mimi nilidhani ni maneno ya uzee, mpaka siku moja nilipomwona kijana mpole wa mtaani kwetu akishika fimbo tu, akijifanya analenga, na nikaona kweli alivyobadilika.

Na mtu huyohuyo, ambaye mikono yake ilinuka mafuta ya bunduki mwaka mzima, hakuweza kuvumilia mlio. Mwaka mpya, wenzake wakifyatua fataki, yeye alijaza pamba masikioni. Pikipiki ikitoa mshindo barabarani, mabega yake yalipanda. Aliwahi kuniambia kwamba katika miaka yote ya kazi porini alifyatua mara chache sana, na kati ya hizo mara moja ilitosha. Nilingoja aendelee. Akaniuliza kama karatasi za printa zimefika. Sikumuuliza tena.

Nyama ya porini hakula. Kwaya aliimba, sauti ya chini, na mwalimu wa kwaya alimweka safu ya nyuma kwa sababu alichelewa kila ubeti. Fomu za ofisi alizichukia, lakini nakala zake alizitunza vizuri kuliko ofisi zenyewe. Alikuwa mkali kwa mtu aliyechelewa, na yeye alichelewa Misa. Ukimkumbusha alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili.

Sasa nieleze jambo lililompata, kwa sababu nami nimo ndani yake.

Mwaka ule alipomaliza bunduki ya mwisho, jumba la makumbusho lilikubali kuzipokea. Ilitakiwa orodha. Fundi alinipa daftari lake, nikapiga jedwali zuri lenye namba ya mstari, aina, na namba iliyochongwa kwenye chuma. Zilikuwa bunduki kumi na moja. Nilichapa, akaitazama karatasi akiisogeza mbali na kuirudisha karibu, akasaini. Orodha ikaenda kituoni, ikagongwa muhuri bila mtu kufungua ghala, ikapanda mkoani, ikarudi imekubaliwa.

Kabla lori la kuzichukua halijaja, msimamizi wa ghala la kituo alihamishwa, akaja mwingine. Huyu mpya alikuwa mtu wa kuhesabu. Alichukua orodha, akafungua ghala, akahesabu, na kwenye rafu akakuta bunduki kumi. Akahesabu tena. Kumi. Mtu pekee aliyekuwa akitoa bunduki zile nje ya kituo alikuwa Fundi. Wakaenda kumchukua karakanani asubuhi, mbele ya watu waliokuja kukoboa mpunga, na hakurudi siku hiyo. Alisema hakupunguza hata moja, lakini saini kwenye orodha ilikuwa yake.

Mji ulijaa maneno kabla ya saa sita mchana. Wengine walisema ameuza kwa majangili. Muuza vitumbua aligombana na wateja wake mpaka akafunga biashara mapema. Mimi nilisema haiwezekani, nikasema hivyo kwa kila aliyeingia dukani. Ila usiku nilikuwa najiuliza, maana kumi na moja ni kumi na moja, na niliziandika mwenyewe.

Siku ya pili binti yake alikuja. Ni mama mtu mzima, analima mpunga Lupiro, na alikuwa amevuka mto kuja mjini kwa gari la kwanza. Macho yalikuwa mekundu lakini alizungumza kwa utulivu. Mkononi alikuwa na daftari la baba yake, ameambiwa atafute kumbukumbu yoyote inayoweza kusaidia. Aliniomba nimchapie nakala ya orodha ili ailinganishe.

Tulikaa pamoja kwenye benchi, yeye akisoma daftari kwa sauti, mimi nikifuata jedwali kwa kalamu. Mstari wa kwanza hadi wa sita ulikuwa sawa. Alipofika wa saba alisoma namba ndefu, kisha akasoma neno mtutu. Chini yake akasoma namba fupi, kisha neno komeo. Akaendelea na ya nane. Nikamwomba arudie.

Wanajeshi wa zamani walikuwa wakisafisha bunduki pamoja, na makomeo yakachanganyika. Kwa hiyo bunduki ile ilikuwa na mtutu wenye namba yake na komeo lenye namba ya bunduki nyingine kabisa. Fundi, kwa uangalifu wake, aliandika zote mbili, mstari juu ya mstari. Na mimi, kwa kupenda jedwali langu likae safi, nilitoa yale maneno mawili, nikafanya kila namba kuwa bunduki moja. Bunduki ya kumi na moja haikuibwa. Niliitengeneza mimi kwa kibodi.

Binti yake hakuelewa mara moja, na sikumweleza mara moja. Nasema hili kwa sababu ni kweli. Aliingia mwanafunzi kutaka fotokopi ya cheti, nikamhudumia, nikamrudishia chenji, nikampangia karatasi zake vizuri kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nafikiria leseni ya duka, na watoto wangu wawili walioko shule, na neno kughushi. Orodha yenye muhuri wa serikali, na namba za uongo ndani yake, zimeandikwa na nani? Kisha nikamwona yule dada ameinamia daftari, anafuata namba upya kwa kidole tangu mwanzo, akidhani ni yeye aliyekosea kusoma.

Nikamwambia, "Dada, kosa ni langu. Twende kituoni."

Nilifunga duka. Kituoni niliongea haraka mno, msimamizi mpya akaniambia nikae, nianze upya. Alikuwa kijana, mpole kuliko nilivyotegemea. Alisikiliza, akatazama daftari, akatazama jedwali, akaenda ghalani akarudi na bunduki yenyewe mikononi, mwenzake akimmulikia kwa tochi ya simu. Akasoma namba ya mtutu. Nikaweka kalamu kwenye mstari wa saba. Akafungua komeo, akaligeuza, akasoma namba ya chini yake. Nikaweka kalamu kwenye mstari wa nane. Akasoma zote mbili mara ya pili, taratibu, kama vile Fundi mwenyewe angefanya.

Akaagiza mzee aletwe. Fundi aliingia na shati limekunjamana, bila mkanda, akashika ukingo wa meza kabla ya kukaa. Msimamizi alimweleza yote, kisha akamuuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo. Mtu anayechungulia chemba mara tatu, aliwezaje kusaini karatasi yenye kosa kama lile?

Fundi aliweka mikono yote miwili mezani.

"Sikuiona, afande," alisema.

Msimamizi akauliza kama anamaanisha hakuisoma.

"Sikuiona. Macho yameniisha nguvu tangu mwaka juzi. Mbele yangu ni kama ukungu wa asubuhi. Namba nilikuwa nazisoma kwa kidole, na daftari naandika kwa mazoea. Karatasi ya Sekretari haina mashimo ya kushika."

Binti yake akaziba mdomo kwa kanga. Miaka miwili baba yake alikuwa akimficha, akikataa kuja Lupiro kwa visingizio vya kazi, akiendesha baiskeli mjini kwa kukumbuka tu njia. Aliogopa kwamba ikijulikana haoni, watampokonya kibali kabla hajamaliza. Msimamizi alivua kofia yake, akaiweka mezani. Aliandika maelezo yangu, akaandika ya Fundi, akatuambia orodha itarekebishwa na kusainiwa upya mbele ya mashahidi. Kuhusu mimi alisema kosa la kupiga chapa ni kosa la kupiga chapa, ila siku nyingine nisiondoe neno nisilolielewa. Saa tisa alasiri tulitoka wote watatu mlangoni. Fundi aliomba arudishiwe mkanda wake, akauvaa pale pale nje kwenye jua, akasema ana njaa.

Wiki ile ile nilipiga orodha ya bunduki kumi, nikaisoma kwa sauti mbele ya watu wanne. Lori lilikuja likazichukua. Fundi akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa hapa mjini, jicho la kulia kwanza na la kushoto baadaye, kisha binti yake akampeleka Lupiro. Karakana alimwachia seremala.

Mimi sikwenda kumwona. Lupiro si mbali, na siku hizi kuna daraja, hata pantoni hatupandi. Lakini kila nilipopanga kwenda nilimkumbuka akiingia bila mkanda, nikapata kazi nyingine ya kufanya. Usingizi wangu ukawa wa vipande. Nikipiga barua ya mtu naisoma mara nne, narudi kuisoma baada ya mwenyewe kuondoka. Iliendelea hivyo msimu mzima wa mvua na kupita, mpaka binti yake aliponipigia simu kuniambia mpunga mpya umetoka, na baba anauliza Sekretari amekufa au yu hai.

Nikaenda Jumamosi. Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha mbao, amevaa miwani myeusi ya plastiki, anachambua mbegu kwenye ungo. Alinitambua nikiwa bado njiani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimenenepa, nikasema sijanenepa, akasema sasa anaona, tusibishane. Tulikula wali mpya na perege wa kukaanga. Alisimulia habari za ndege wanaoharibu mpunga na za padri mpya anayehubiri mafupi. Bunduki hakuzitaja.

Baada ya kula nilianza yale niliyoyapanga ndani ya gari. Nilisema nilimfanya alale mahabusu, mtu wa umri wake, kwa sababu ya kutaka jedwali zuri. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unajua mimi niliogopa nini miaka yote?" aliniuliza. "Niliogopa siku moja mtu atahesabu, akute imepungua. Kila asubuhi nikichukua, kila jioni nikirudisha, niliogopa hiyo. Siku hiyo ikaja. Wakahesabu, imepungua. Nikalala ndani. Halafu wakahesabu tena, na haikuwa imepungua kitu." Aliinua mikono kuonyesha ni mitupu. "Limeshapita, Sekretari. Mimi nalala kama mtoto. Wewe unakesha kwa ajili gani?"

Binti yake aliondoa vyombo, akanitandikia mkeka pale barazani ninyooshe mgongo kidogo wakati nasubiri gari. Nilijilaza nikisikiliza ungo wa Fundi ukipepeta.

Nilipofumbua macho, kivuli cha paa kilikuwa kimehamia upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nimefunikwa kanga mpaka mabegani. Fundi alikuwa amesogeza kiti chake ukingoni mwa mkeka, amenipa mgongo, ana ufito mkononi, na kuku wawili walipokaribia aliwafukuza bila kutoa sauti. Nikainuka haraka, nikauliza ni saa ngapi, nikasema gari litaniacha.

Hakugeuka. Aliniambia nilale, magari ya Ifakara yapo mpaka jioni.